Tasnifu za elementi finiti zimegeuka maonyesho ya vitenge, na watahini wanapitisha tu!

Wakuu, heshima kwenu. Leo tuambiane ukweli bila kuoneana haya.

Fungua tasnifu ya uzamili ya uhandisi yenye uchambuzi wa elementi finiti (kuugawa muundo vipande vidogo, yaani elementi, ili kompyuta ikokotoe mkazo; mtandao wa vipande hivyo ndio meshi). Kurasa 20 za picha za rangi, meshi moja tu, kisha sentensi: "matokeo yanaridhisha". Yanamridhisha nani?

Tuanze na kona. Kona ya ndani ya nyuzi 90 isiyo na mviringo ni singulariti: kwa nadharia ya elastiki, mkazo wa pale hauna kikomo. Kila ukipunguza elementi kwa nusu, namba inapanda kwa karibu asilimia 37, na itaendelea kupanda hadi kompyuta ichoke. Halafu mtu anaandika "mkazo wa juu ni MPa 412.37" (desimali mbili kabisa!) na kushauri bamba liongezwe unene. Namba hiyo imetokana na meshi aliyochagua, chuma hakihusiki. Kama kiungo halisi kina mviringo wa mm 5, uchore. Kama unachunguza uchovu wa weldi (kupasuka kwa mizigo inayojirudia) kwenye bamba la unene t, soma mkazo ukiwa 0.4t na 1.0t kutoka ukingo wa weldi, kisha chukua 1.67 ya wa kwanza utoe 0.67 ya wa pili. Mbinu hii ina miaka mingi, wala si siri ya mtu.

Halafu aina ya elementi. Bamba linapindwa, mtu anaweka C3D8R (elementi ya umbo la tofali yenye nodi, yaani ncha, nane kwenye programu ya Abaqus) safu moja kwenye unene. Elementi hiyo ina nukta moja tu ya kukokotolea, na iko katikati, palepale ambapo mkazo wa kupinda ni sifuri! Ugumu wa kupinda unaouona umetoka kwenye ugumu bandia uliowekwa kuzuia modi za awaglasi (elementi kubadilika umbo bila kupinga). Weka safu nne au zaidi, au tumia C3D20R, tofali la nodi 20. Kisha linganisha ALLAE (nishati ya ule ugumu bandia) na ALLIE (nishati yote ya ndani): ALLAE ikivuka asilimia 5 ya ALLIE, usiamini kitu. Anayekimbilia C3D4 (piramidi ya nodi nne) kwa sababu inajimeshi yenyewe naye ajue ina streni (kiasi cha kunyooka au kubanwa) moja elementi nzima, hivyo boriti yake itakuwa ngumu kupita kiasi na mpindo utatoka mdogo kuliko ukweli. Tumia C3D10, yenye nodi kumi.

Zege ndiyo aibu kubwa. Mnaingiza mkunjo wa mkazo na streni unaoshuka baada ya kilele, uharibifu unajikusanya kwenye safu moja ya elementi, na meshi ya mm 25 inakula nusu ya nishati ya meshi ya mm 50. Yaani nguzo inavunjika kwa nguvu uliyoipanga wewe kwa kuchagua meshi. Hillerborg na wenzake walitoa njia ya nishati ya mpasuko (nishati inayohitajika kufungua ufa) mwaka 1976, Bažant na Oh wakaja na ukanda wa mpasuko mwaka 1983. Ingizeni mkazo dhidi ya upana wa ufa, basi, ili nishati isitegemee meshi. Mtahini wa nje anayepitisha hili mwaka huu anasoma nini?

Na jedwali la meshi tatu linachukua nusu ukurasa! Mfano wa hesabu, mahali pasipo na singulariti: elementi za mm 8, 4 na 2 zinatoa MPa 182, 201 na 206. Tofauti ni 19 na 5. 19/5 ni 3.8, oda (kasi ya kosa kupungua kadiri elementi zinavyopunguzwa) ni ln 3.8 / ln 2, karibu 1.93. Kwa elementi za oda ya pili ya usahihi hiyo inaeleweka. Makadirio ya mwisho ni 206 + 5/(3.8 − 1), yaani MPa 207.8. Ukipata oda ya 0.3 au tofauti zinakua, jua una kona, mgusano uliokosewa au meshi mbaya. Hata kikokotoo cha simu kinatosha.

Kwa nini hayafanyiki? Kwa sababu kupanda cheo kunahesabu makala. Msimamizi ana wanafunzi lukuki, hajawahi kuandika hata programu ya elementi ya nodi nne, na hapati alama yoyote kwa kuhakiki matokeo. Anayeumia ni kijana. Anaomba nafasi ya udaktari Uholanzi au Sweden, ambako mwanafunzi wa udaktari ni mwajiriwa mwenye mshahara, na kwenye wasifu ameandika "mtaalamu wa Abaqus". Akiulizwa tanjenti (badiliko la mkazo kwa badiliko la streni) ya UMAT yake, yaani msimbo wa tabia ya nyenzo aliouandika mwenyewe kwa ajili ya Abaqus, aliikagua vipi, kimya. (Unasukuma streni kidogo, unagawanya badiliko la mkazo, unalinganisha na DDSDDE, jina la tanjenti hiyo ndani ya UMAT. Ikikosewa, jibu linaweza kuwa sahihi lakini njia ya Newton, inayolitafuta jibu kwa kurudia-rudia, inajikokota.)

NYONGEZA: Wanaosema "kompyuta zetu ni dhaifu" na "leseni ni ghali", hapana. CalculiX na Code_Aster, programu za elementi finiti, ni bure. Kata muundo kwa ulinganifu, robo inatosha. Anza na bamba pana lenye tundu la duara, ambalo Kirsch alilikokotoa mwaka 1898: ukilivuta, ukingo wa tundu lazima ukaribie mara 3 ya mkazo wa mbali. Usipoipata 3, kwenye daraja unaenda kufanya nini?

Mwenye tasnifu iliyopitishwa yenye jedwali la meshi tatu alibandike hapa, bila jina la chuo. Tuone yatafika mangapi.