Usharika wa Wajerumani wa Missouri unafungwa: tuanzie wapi kuhifadhi rejista, barua na masimulizi ya wazee?

Mkwe wa Gasconade

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu katika kazi niliyokabidhiwa na ukoo wa mke wangu. Wao ni wazao wa wakulima wa Kijerumani waliohamia kaunti ya Gasconade, jimbo la Missouri nchini Marekani, kusini mwa mji wa Hermann, ambao ulianzishwa mwaka 1837 na jumuiya ya walowezi iliyoundwa Philadelphia kwa nia ya kupata mahali ambapo lugha na desturi zao zisingemezwa. Kitongoji chao wenyewe hakikuwahi kuwa mji. Kilikuwa na kanisa la Kiinjili, shule ya chumba kimoja, duka na mashamba, na leo kilichobaki ni kanisa na makaburi yake. Waumini ni wachache, wengi wao wazee sana, nao wameamua wenyewe kwamba usharika ufungwe.

Kanisani kuna rejista za ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi zinazoanzia miaka ya 1850, zilizoandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata msomaji mzuri wa Kijerumani cha leo hauelewi, pamoja na daftari za kumbukumbu za mikutano. Mama mkwe anatunza sanduku la barua zilizotoka Ujerumani, na karibu kila nyumba ina picha ambazo hakuna aliyeandika majina nyuma yake. Wapo pia wazee wachache waliolelewa kwa Kijerumani nyumbani, ambao bado wanakumbuka wazazi wao walivyosimulia.

Nilikuwa nimefikiria kununua skana nzuri na kuanza na rejista, kwa kuwa ndizo za zamani zaidi. Je, ni mwanzo sahihi? Nyaraka asilia zibaki kwa familia au ziende kwenye taasisi? Halafu kuna jambo linalonitatiza zaidi: mwaka 1918 babu mmoja wa ukoo alifuatwa usiku na majirani wakamlazimisha kununua hati za mkopo wa vita, na baadhi ya shemeji zangu wanataka kisa hicho kisiandikwe popote kwa sababu wajukuu wa majirani hao bado wapo.

Mtunza Nyaraka

Ndugu, skana inaweza kusubiri. Rejista iliyokaa miaka 170 katika kabati kavu itakaa miezi sita zaidi, lakini mzee wa miaka 90 hakuna anayeweza kumdhamini hadi masika. Kwa hiyo anza na watu, na katika mazungumzo yenyewe utagundua ni karatasi zipi ambazo hukujua kwamba zipo, maana mzee ndiye atakayekuambia kwamba daftari la chama cha wanawake liko juu ya dari kwa fulani.

Usimwombe mzee akusimulie “historia ya kitongoji,” kwa kuwa atakupa maneno yale yale yaliyochapishwa katika kijitabu cha sherehe ya miaka mia ya kanisa. Muulize vitu vya mikono na vya nyumbani: nguruwe walichinjwa mwezi gani na nani aliitwa kusaidia, nani alioka mkate, maiti alilazwa chumba kipi kabla ya mazishi, wazazi walisali kwa lugha gani na waligombana kwa lugha gani. Hermann ulikuwa mji wa mvinyo, hivyo uliza pia wazazi walisimulia nini kuhusu mizabibu baada ya marufuku ya pombe kuanza mwaka 1920, kwa sababu mapango makubwa ya kiwanda cha Stone Hill yaligeuzwa mashamba ya uyoga na kiwanda hakikufufuliwa hadi mwaka 1965, na kila familia iliyouza zabibu ilikuwa na namna yake ya kuvuka miaka hiyo. Mpe picha mkononi wakati wa mazungumzo. Akiingia katika Kijerumani chake cha kijijini, usimkatishe ili atafsiri. Acha kinasa sauti kiendelee, umwombe maelezo baadaye.

Rekodi kwa faili za sauti za WAV, wala si zile zilizobanwa ili zipungue ukubwa, na kabla ya kuanza mwombe msimuliaji atie sahihi karatasi fupi inayosema rekodi itatunzwa wapi, nani ataruhusiwa kuisikiliza na kuanzia lini. Watu huiona karatasi hiyo kuwa urasimu. Mimi naiona kuwa ndiyo tofauti kati ya rekodi itakayopokelewa na taasisi na rekodi itakayobaki ndani ya simu ya mtu mpaka simu iharibike.

Msomaji wa Rejista

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu utaratibu, ila nisingependa rejista zionekane kuwa ni karatasi za kungoja tu. Sensa ya Marekani ya mwaka 1890 iliharibiwa karibu yote baada ya moto uliotokea Washington Januari 1921, na Missouri ilianza usajili wa lazima wa vizazi na vifo kwa jimbo zima mwaka 1910. Hii ina maana kwamba mtoto aliyezaliwa baada ya sensa ya 1880 na kufariki kabla ya ile ya 1900 anaweza kuwa hana ushahidi mwingine wa kuishi kwake duniani isipokuwa mstari mmoja wa mchungaji na jiwe la kaburi, kama jiwe halijasagika.

Rejista zina faida nyingine ambayo wengi huipata wakiwa wamechelewa. Karani wa sensa aliridhika na jibu la “Prussia” au “Hannover,” ambalo halimsaidii mtu kuvuka bahari kutafuta asili yake, tena Ufalme wa Hannover ulimezwa na Prussia mwaka 1866, kwa hiyo ndugu wawili wa kijiji kimoja wanaweza kuonekana wametoka nchi mbili kwa sababu tu waliulizwa katika miaka tofauti. Mchungaji, hasa katika mazishi na ndoa, mara nyingi aliandika kijiji chenyewe. Kwa upande wa bandari, orodha za abiria walioondokea Hamburg zipo tangu mwaka 1850, lakini nyingi za Bremen ziliangamizwa, nazo ndizo ambazo familia nyingi za Missouri zingezihitaji.

Katika kunakili, jihadhari na majina. Mtoto aliyebatizwa Johann Heinrich aliitwa Heinrich maisha yake yote, akawa Henry katika sensa, na kaka zake watatu nao wakawa Johann kitu fulani. Ukiandaa faharasa kwa jina la kwanza pekee utakuwa na kitongoji cha kina Johann ambao hakuna anayewajua. Andika jina kama lilivyo katika ukurasa, bila kulisahihisha, kisha weka safu ya pili yenye jina lililotumika na safu ya tatu yenye tahajia ya Kiingereza kama familia ilibadilisha.

Kuhusu mwandiko, ipo programu ya Transkribus, iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Innsbruck huko Austria, ambayo husoma maandishi ya mkono ya kale kwa kiwango cha kuridhisha. Bado inahitaji jicho la mtu, na jicho hilo hujifunza haraka likianza na ukurasa wa ubatizo, kwa kuwa maneno yale yale hurudiwa katika kila mstari. Barua ziache mwishoni. Mkulima anayemwandikia dada yake hakufuata mstari wala tahajia.

Mjukuu wa Hermann

Mimi natoa sauti ya kupinga kidogo. Nimeona usharika mwingine ukipeleka kila kitu kwenye hifadhi ya mbali, na baada ya hapo hakuna mtu wa kitongoji aliyekwenda kuvitazama. Vitu vikiondoka kabisa, watu huacha kujiona kuwa wanahusika navyo. Kwangu, afadhali rejista zikae katika mji wa karibu, hata kama chumba chake si cha kisasa.

Mtunza Nyaraka

Hofu hiyo ina msingi, lakini tutenganishe mambo mawili. Rejista ni mali ya usharika kama chombo. Si mali ya familia yoyote, na usharika ukifungwa bila kuamua, mara nyingi huishia katika gari la mtu aliyekuwa na nafasi siku hiyo. Kwa hiyo baraza la kanisa lipitishe azimio kwa maandishi kabla ya ibada ya mwisho. Makanisa ya Kiinjili ya Missouri yanatokana na muungano wa wachungaji uliofanyika mwaka 1840 nje kidogo ya St. Louis, yakaungana na kanisa la Reformed, la mapokeo ya Calvin, mwaka 1934, kisha yakaingia katika dhehebu la United Church of Christ mwaka 1957. Waulizeni kwanza viongozi wa dhehebu, na pia Seminari ya Eden, ambayo ilianza mwaka 1850 karibu na Marthasville kama chuo cha wachungaji wa muungano huo. State Historical Society of Missouri, yenye makao Columbia na vituo katika miji mingine, hupokea karatasi za familia na vyama, na Hermann kwenyewe kuna Deutschheim, eneo la kihistoria la jimbo linaloshughulika na urithi wa Wajerumani.

Asilia ziende mahali penye ubaridi na ukavu wa kudumu, na nakala kamili zibaki Hermann, katika maktaba na katika nyumba za watu. Bonde la Missouri lilikumbwa na mafuriko makubwa mwaka 1993, na hilo pekee latosha kumshawishi mtu yeyote kwamba nakala zote zisikae kwenye bonde moja. Skani kurasa kwa nukta 400 kwa inchi na picha ndogo kwa 600, kwa faili za TIFF. Usibandue picha zilizogandishwa kwenye albamu, usitumie gundi ya plastiki kuunganisha karatasi iliyochanika, na usiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino.

Msomi wa Karne ya Vita

Naomba nijibu lile la mwaka 1918, ambalo wengine mmelipita. Kisa cha babu huyo si aibu ya ukoo mmoja wala ya jirani mmoja. Baada ya Marekani kuingia Vita vya Kwanza vya Dunia dhidi ya Ujerumani Aprili 1917, wanaume wa Kijerumani wenye umri wa miaka 14 na kuendelea ambao hawakuwa wamepata uraia walitakiwa kujiandikisha kuwa wageni wa nchi adui, na wanawake wakafuata mwaka 1918. Tarehe 5 Aprili 1918 Robert Prager, mhamiaji wa Kijerumani, aliuawa na kundi la watu huko Collinsville, Illinois, ng’ambo ya Mississippi karibu na St. Louis, na walioshtakiwa waliachiwa na baraza la mahakama. Mwezi uliofuata gavana wa Iowa, jimbo linalopakana na Missouri upande wa kaskazini, alipiga marufuku lugha za kigeni shuleni, hadharani, katika simu na hata katika ibada. Ilipofika mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mwalimu Meyer wa Nebraska, ndipo ikasema kwamba jimbo haliwezi kumzuia mwalimu kufundisha mtoto lugha ya kigeni, lakini kwa familia nyingi Kijerumani kilikuwa kimekwisha kuondolewa mezani.

Kwa hiyo ukikiondoa kisa hicho, utashindwa kueleza kwa nini daftari za mikutano za usharika zinabadili lugha pale zinapobadili. Tafuta ukurasa huo hasa, usome kilichojadiliwa. Kisa kiandikwe kama kilivyosimuliwa, kwa jina la msimuliaji na kwa tarehe ya mahojiano. Majina ya majirani, kama yanategemea kinywa cha mtu mmoja tu, yafungiwe katika rekodi kwa muda atakaoupanga msimuliaji mwenyewe, na katika maandishi ya wazi iandikwe “majirani.” Shemeji zako wataweza kulikubali hilo bila kuona kwamba wameshindwa.

Onyo moja linaelekea upande wa pili. Historia za makanisa haya hupenda kusimulia fahari. Ni kweli kwamba Gasconade ilikuwa moja ya kaunti mbili tu za Missouri ambazo Lincoln alishinda katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1860, nyingine ikiwa St. Louis, na hilo liandikwe. Simulizi la wazee wachache wa Hermann waliohamisha mzinga kutoka kilima kimoja hadi kingine ili kuwahadaa askari wa Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mwaka 1864, nalo liandikwe, likiitwa simulizi. Lakini ardhi waliyoifyeka ilikuwa ya Waosage, Wenyeji wa Amerika, kabla ya mkataba wa mwaka 1808, na Missouri ilikuwa jimbo la watumwa hadi Januari 1865. Kitabu cha kitongoji kinachoanza na “hapakuwa na mtu, kisha tukaja” hakifai hata kwa wajukuu.

Mkwe wa Gasconade

Nawashukuru sana. Nitaanza na wazee, na azimio la baraza nitaliombea nafasi katika kikao kijacho. Limebaki swali dogo: barua za mama mkwe naweza kuzichapisha, au wazao wa walioziandika huko Ujerumani wana haki juu yake?

Msomaji wa Rejista

Kumiliki karatasi si kumiliki maneno yaliyomo. Kwa sheria ya Marekani, barua ambayo haijachapishwa hulindwa kwa maisha ya mwandishi na miaka 70 baada ya kifo chake, na kama mwaka wa kifo haujulikani, miaka 120 tangu ilipoandikwa. Barua za miaka ya 1870 ziko huru. Za kuanzia miaka ya vita ya dunia zihesabu moja moja, na kwa zile changa zaidi tafuta ndugu waliobaki, kwani mara nyingi upande ule nao umetunza majibu yaliyotoka Missouri, na hayo yana thamani kwenu kuliko ruhusa yenyewe.

Usizipange upya kwa tarehe ndani ya sanduku. Acha mpangilio alioukuta mama mkwe, uweke namba kwa penseli kwenye bahasha ya nje, na tarehe uzipange katika orodha tu. Zile picha zisizo na majina, chapisha nakala kubwa, uzitandaze kwenye meza za ukumbi siku ya ibada ya mwisho pamoja na penseli na karatasi zenye namba za picha, kwa kuwa siku hiyo watakuja hata waliohama zamani.