Ndimu imeniachia madoa usoni, mshubiri utasaidia?

Nuru_K:
Habari zenu wadau, naombeni msaada kwa anayejua maana nimechanganyikiwa kweli. Nlikuwa na chunusi chache tu kidevuni, nikaona nisikimbilie dawa za dukani nianze na vitu vya asili kwanza. Nikakamua ndimu nikachanganya na asali nikapaka usoni kama dakika 20, ilikuwa inawasha lakini nikajua ndo inafanya kazi, nikanawa haraka haraka alafu nikatoka nje kufua nguo mchana kutwa. Usiku hamna kitu. Kesho yake jioni shavu linawaka moto, siku ya tatu yakatoka malengelenge madogo upande wa kulia. Sasa yamekauka yameacha madoa meusi, na moja ni kama mstari umeshuka toka shavuni mpaka shingoni, pale pale maji ya ndimu yalipochirizika. Hii wiki ya tatu na hayajapungua. Kuna mtu kaniambia nisugue na beking soda, mwingine anasema nipake mshubiri, na mshubiri ninao mwenyewe kwenye kopo. Nifuate lipi? Yani naona aibu ata kupiga picha.

Tulizo:
Pole sana dada. Beking soda usiiguse nakuomba. Mi niliipaka kwapani kwa wiki mbili nikitafuta kuondoa weusi, ngozi ikababuka ikawa inauma ata nikivaa nguo, na weusi wenyewe ukaongezeka mara mbili.

dawani:
Mimi nafanya kazi famasi. Nuru huo mstari wa shingoni ndo umenionyesha kilichokupata. Ndimu ina kemikali zinaitwa furanokumarini, zikikaa juu ya ngozi alafu jua likapiga, ile miale ya UVA inaziamsha na zinaunguza ngozi kabisa. Sio mzio, inaweza kumpata mtu yeyote, na ndo maana ulikaa karibu siku nzima bila kuona kitu maana huwa inachelewa, inaanza baada ya saa 24 hivi na inazidi siku ya pili na ya tatu. Ata utomvu wa mtini unafanya hivo hivo. Asali haina kosa hapo.

Alafu kuna suala la ukali wenyewe. Ngozi ya mtu mzima ina pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) ya 5 hivi, juisi ya ndimu iko kwenye 2 na kidogo, na kwa kipimo kile kila namba moja ni mara kumi, kwaiyo ulijipaka kitu chenye asidi mara mia kadhaa kuliko ngozi yako ilivyozoea. Beking soda inavuta upande wa pili, inapita 8. Ngozi iliyoungua ukaipeleka huku ukaipeleka kule haiponi.

Hayo madoa ni rangi ya ngozi imezalishwa kwa wingi pale palipoumia. Yataisha, ila ni kwa miezi sio kwa wiki, na kila jua likigonga pale yanakoza upya. Dawa ya kwanza ni sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, unarudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na kofia au mtandio. Usisugue chochote.

mzee_wa_mizizi:
Binti yangu pole. Nimetumia mimea miaka mingi na naumia nikiona mmea unalaumiwa kwa sababu ya namna ulivyotumika. Mmea una nguvu, na penye nguvu pana utaratibu wake. Angalia ile artemisinini ya kutibu malaria, imetoka kwenye mmea wa artemisia, mama Tu Youyou wa China akapewa Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini majani yakichemshwa kwa moto mkali dawa ilikuwa inapotea, mpaka alipoitoa kwa kimiminika kinaitwa etha kwenye joto dogo. Jani ni lile lile, kilichobadilika ni namna ya kuandaa.

Sasa mshubiri wako. Chagua jani nene la chini kabisa, likate pale linaposhikana na shina. Lisimamishe kwenye kikombe, sehemu uliyokata itazame chini, uliache kama robo saa. Utaona maji ya njano yanadondoka, machungu sana, yana harufu nzito. Hayo ndo yanayowasha ngozi, na mtu akiyanywa yanamwendesha tumbo vibaya, Marekani waliondoa dawa za kuharisha zenye hayo maji kwenye dawa za kununua bila cheti mwaka 2002. Yakiisha osha jani, menya ganda lote, ile jeli ya ndani iliyo kama kioo ioshe tena mpaka isiwe na njano hata kidogo. Watu wengi wanavunja jani na kulipaka moja kwa moja na ganda lake na maji yake, afu wanasema mshubiri umewakataa.

Iliyobaki weka kwenye friji, siku mbili tu, ikipita hapo tupa maana haina kitu cha kuzuia bakteria. Na kabla ya uso paka kidogo ndani ya mkono usubiri siku mbili. Mshubiri utakutuliza na kukupa unyevu. Kufuta madoa siwezi kukuahidi.

Nuru_K:
Asanteni jamani sijui niseme nini. Mzee nimekata jani sasa hivi na kweli limetoa maji ya njano kama aiodini, sikuwahi kuyajua miaka yote hii! Dawani je hizi chunusi zenyewe nifanyeje, maana bado zipo, na usiku huwa napaka mafuta ya nazi.

dawani:
Mafuta ya nazi hamishia miguuni na mikononi, huko yanafaa sana kwa ngozi kavu, ila uso wenye chunusi yanaziba vinyweleo. Ukitaka cha mmea kilichopimwa kwa chunusi, ipo jeli yenye mafuta ya mti wa chai (tea tree, sio chai ya kunywa) asilimia 5, Australia mwaka 1990 waliilinganisha na benzoili peroksaidi, dawa ya kawaida ya chunusi, kwa watu 124, zote zilipunguza chunusi, ya mti wa chai ilikuwa taratibu zaidi ila haikukausha ngozi sana. Usipake mafuta yenyewe bila kuzimuliwa, na kuyanywa ni sumu. Lakini subiri kwanza ngozi ipone.

uzuri_orijino:
Nuru njoo inbox, nna krimu ya mitishamba tupu, siku 7 madoa yote kwisha, haina kemikali

Tulizo:
Dada Nuru usiende, nakuandikia haya moyo unauma. Ndugu yangu wa damu alitumia krimu ya namna hiyo, kopo limeandikwa mitishamba tu, hakuna orodha ya vilivyomo. Wiki ya kwanza uso uling'aa sisi wote tukamsifia. Mwezi wa nne ngozi imekuwa nyembamba mishipa inaonekana, akiacha siku mbili tu uso unavimba na kuwaka. Daktari wa ngozi akasema ni steroidi kali. Mpaka leo hawezi kukaa karibu na jiko la moto.

dawani:
Na nyingine zina zebaki, inaingia mwilini na kuharibu figo. Ni mpaka mkataba wa kimataifa wa zebaki, ule wa Minamata wa 2013, ukaingiza vipodozi vyenye zebaki kwenye vitu vya kupigwa marufuku. Krimu isiyo na orodha ya vilivyomo, au inayoahidi weupe kwa siku kadhaa, usiipake. Nuru, pale palipoungua pakianza kutoa usaha, au madoa yakabaki vile vile baada ya miezi mitatu, nenda kwa daktari wa ngozi.

Nuru_K:
Nimemblock huyo wa inbox. Jeli nimepaka ndani ya mkono tangu saa mbili usiku, sehemu ndogo kama ukucha, mpaka sasa haiwashi. Naisubiri mpaka keshokutwa ndo niweke usoni, na nguo ntafua jioni.