Gari isiyo na njia ya kufikia pampu ya mafuta, iruhusiwe kuingia nchini?

MsemaKweli (mwanzisha mada)
Wakuu, naleta hoja. Gari za petroli zenye injekta, pampu yake ya umeme inakaa ndani ya tangi na kupozwa na mafuta yenyewe. Kwenye Corolla na Vitz nyingi unanyanyua siti ya nyuma, unafungua kifuniko cha bati, hiyo hapo. Ila ziko gari ambazo kiwandani hawakuweka kifuniko. Hapo ni kunyonya mafuta, kulegeza ekzosi na kushusha tangi zima. Kenya inakataa mtumba uliozidi miaka 8. Kama umri unapimwa, kwa nini TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wasidai na kifuniko?

GrisiMkononi
Naunga mkono, kwa sababu ya usalama kwanza. Gari ya hivyo ikifika gereji, mwenyewe hataki kulipia kazi ya kushusha tangi, na fundi hataki kulala chini ya petroli. Linaletwa grinda, sakafu inakatwa. Cheche juu ya tangi lenye mvuke! Kisha shimo linazibwa kwa bati na silikoni, masika yakianza maji yanaingia na kutu inakula. Shimo litakatwa tu, jamani. Bora likatwe kiwandani.

Koplo wa Pwani
Hapana. Mtumba unaoshuka leo ulichorwa miaka mingi nyuma kwa mteja wa Japani, aliyeuchora hakujui. Marufuku yenu itapunguza gari bandarini na kupandisha bei ya hizo hizo Vitz. Na pampu nyingi zinauliwa na sisi: taa ya mafuta inawaka wiki nzima, mtu anaongeza ya elfu tano. Pampu itapozwa na nini?

MbongoTexas
Huku Marekani pikapu ya Ford F-150 ni kushusha tangi au kunyanyua bodi ya nyuma. Watu wananung'unika na wanaendelea kuzinunua.

Binti Spea
Kifuniko ni nusu ya shida. Zamani filta ilikuwa nje, unabadilisha peke yake kwa bei ya kawaida. Sasa pampu, filta na geji vimefungwa kwenye kikapu kimoja, na mteja anauziwa chote hata kama kilichoziba ni filta. Kwa mafuta ya kuchakachua tunayokutana nayo, inaziba mapema.

GrisiMkononi
Koplo, si kila pampu inauliwa na dereva. Mwaka 2020 Toyota ilianza kuita gari zirudishwe kutengenezwa kwa sababu ya pampu za kampuni ya Denso: feni yake ya plastiki ilikuwa ikivimba, pampu inakwama, gari inazima njiani. Baadaye zikawa mamilioni, na kampuni nyingine za magari zikaingia. Barua za kuitwa zinamfuata mmiliki aliyeandikishwa kule, si wewe uliyeinunua mnadani.

MsemaKweli
Basi napunguza makali: isikataliwe, ila fomu ya ukaguzi iandike wazi kama kifuniko kipo na kama namba ya chesisi ina wito wa pampu ambao haujafanyiwa kazi. Koplo, hilo nalo linapandisha bei?

Koplo wa Pwani
Hilo la chesisi nakubali, linaangaliwa kwenye kompyuta. La kifuniko, nani atang'oa siti za kila gari bandarini? Mtajaziwa "ndiyo" fomu nzima.