Inzi wa matunda katika utafiti: selimundu au kisukari?

Mwanafunzi wa Baiolojia:
Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa tatu hapa Dar es Salaam na ninaandaa pendekezo la utafiti. Ningependa kutumia inzi wa matunda kuchunguza ama selimundu ama kisukari, kwa kuwa gharama za kufuga panya siziwezi. Je, mdudu huyu anaweza kutueleza lolote kuhusu maradhi ya binadamu, au nitachekwa siku ya kuwasilisha?

Mzee wa Darubini:
Hutachekwa, mdogo wangu; Thomas Hunt Morgan, mwanasayansi Mmarekani aliyechunguza urithi wa sifa, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1933 kwa kazi aliyoifanya kwa inzi hawahawa. Selimundu, hata hivyo, iache, kwa sababu hitilafu yake imo katika himoglobini ya seli nyekundu za damu, na inzi hana seli hizo. Kisukari kinawezekana: inzi hutengeneza homoni za jamii ya insulini, na mabuu wakilishwa sukari kupita kiasi huchelewa kukua, hubaki wadogo, na miili yao huacha kuitikia insulini ipasavyo, jambo linalofanana na kisukari cha aina ya pili.

Dada wa Maabara:
Naunga mkono, ila shughulikia joto kwanza. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi yai huwa inzi kamili kwa takriban siku 10. Joto likifika nyuzi 30 madume huwa tasa, na Februari yetu mnaijua. Tafuta kabati la kudhibiti joto, tena lenye umeme wa akiba. Chakula chenyewe ni uji mzito wa unga wa mahindi, hamira, sukari na agari, yaani kigandishi kitokanacho na mwani. Ukishaumimina chupani, subiri mvuke ukauke kabisa, la sivyo inzi watanata na kufa.

Mwanafunzi wa Baiolojia:
Nashukuru sana. Je, nikiwachanganyia mabuu unga wa majani ya mlonge, ambao watu wengi huutumia wakiamini kwamba unashusha sukari?

Mzee wa Darubini:
Ni wazo zuri, lakini lina mtego. Mabuu wakiuchukia mlonge watakula kidogo, sukari itashuka kwa sababu ya njaa, nawe utausifu mlonge bure. Tia rangi ya chakula katika makundi yote, kisha linganisha rangi inayoonekana matumboni mwao kabla ya kupima sukari.