Mjadala: Sarufi zalishi iondolewe kwenye kozi za Kiswahili?

Wadau wa lugha, kuna hoja ninayoisikia kila mara kwa walimu na wanachuo: sarufi zalishi ya mwanaisimu Noam Chomsky, yaani nadharia inayotafuta kanuni zilizo kichwani mwa mzungumzaji zinazomwezesha kuunda na kutambua sentensi za lugha yake, iondolewe kwenye kozi za Kiswahili. Wanasema ni nadharia ya Mmarekani, iliyoibuka mwaka 1957 kwa mifano ya Kiingereza, na mwalimu akishashika chaki haimsaidii kitu.

Napinga, tena kwa nguvu zote.

Tazameni jambo moja dogo. Sote tunasema "kitabu alichosoma Juma". Tunasema pia "kitabu ambacho Juma alisoma". Sasa mwambie mtu "kitabu Juma alichosoma" uone atakavyokunja uso. Kwenye tungo ya amba- Juma anatangulia kitenzi bila shida. Kirejeshi (hapa -cho-, kinachorejelea kitabu) kikiingia ndani ya kitenzi, Juma lazima arudi nyuma. Nani alitufundisha hilo? Si mama, si mwalimu wa darasa la tatu. Sarufi mapokeo, yaani sarufi ya jadi, inakupa orodha ya virejeshi ngeli kwa ngeli, -ye-, -o-, -cho-, -vyo-, halafu inakuachia hapo. Sarufi zalishi inaanzia hapo hapo: mzungumzaji anajua nini, hata akubali tungo ambayo hajawahi kuisikia na kuikataa nyingine papo kwa papo? Jibu mojawapo ni kwamba kitenzi chenye kirejeshi husogezwa mbele ya kiima (hapa Juma), ilhali amba- hubeba kirejeshi yenyewe na kitenzi hakina sababu ya kuhama. Unaweza kulipinga jibu hilo, lakini utalipinga kwa sentensi, na hapo ndipo sayansi ya lugha inapoanza.

Hoja ya ugeni nayo ina kasoro. Mwaka 1990 wanaisimu Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha uchunguzi wa Kichaga cha Vunjo, kule Kilimanjaro. Kwa Kiswahili, "mtoto alipikiwa chakula" ni sawa, "chakula kilipikiwa mtoto" haikubaliki. Kivunjo kinaruhusu zote mbili! Tofauti hiyo iliwalazimisha wananadharia kueleza upya uhusiano wa kitenzi na yambwa zake (hapa chakula na mtoto). Kabla ya hapo, mwaka 1987, Bresnan na Mmalawi Sam Mchombo walikuwa wamefanya kazi kama hiyo kwa Kichewa. Bresnan alikuwa ameshaachana na kanuni geuzi za Chomsky (zinazogeuza muundo mmoja wa sentensi kuwa mwingine), lakini bado alikuwa ndani ya sarufi zalishi. Kwa hiyo lugha zetu zimeikosoa nadharia hii kutoka ndani. Tukijitoa, wengine wataendelea kuzichunguza bila sisi.

Dai la kwamba mtoto huzaliwa na sarufi bia (misingi inayodaiwa kuwa ya lugha zote) kichwani sitalitetea hapa; linabishaniwa vikali, hasa tangu mwanaisimu Daniel Everett alipoandika kuhusu Kipirahã cha Brazili mwaka 2005. Nakubali pia kwamba mtafiti kujifungia ofisini, akatunga sentensi na kuzihukumu mwenyewe, ni hatari kwa lugha yenye wazungumzaji Mombasa, Nairobi na Lubumbashi. Lazima aende kuwauliza watu.

Kinachoniuma ni darasani. Mwanafunzi anaambiwa "changanua sentensi kwa kielelezo cha matawi", anaandika S → KN + KT (sentensi ni kundi nomino na kundi tenzi), anachora, anapewa alama zake. Kiima na kiarifu vimebadilishwa majina tu, basi. Hakuna anayemuuliza kwa nini maneno haya yanakaa kundi moja na yale hayakai, wala ni tungo gani ambayo mchoro wake ungeizuia. Mtu aliyefundishwa hivyo ana haki ya kuiona nadharia haina maana.

Napendekeza kila swali la matawi litanguliwe na tungo mbili, moja inayokubalika na moja isiyokubalika, na mwanafunzi aeleze tofauti kwa maneno yake kabla ya kuchora chochote. Walimu wa kidato cha tano na sita, mnaliona linawezekana kwa muhtasari mlio nao? Na mnaotaka nadharia hii iondoke kabisa, mnataka ipi ichukue nafasi yake?