Fielder 2014: kuongeza amplifaya bila kung'oa redio ya kiwandani

MwanaBombolulu
Salaam wakuu. Gari ni Toyota Fielder ya 2014 ya petroli, si haibridi. Redio ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani na sitaki kuitoa: kamera ya nyuma na vitufe vya usukani vyaitegemea, na kiboksi cha kushusha masafa ya FM kimeshafungwa, stesheni zangu zote nazipata.

Amplifaya ninayo tayari. Ni klasi D, chaneli nne, wati 60 RMS kila chaneli kwa omu 4. Ukiunga chaneli mbili kuwa moja yatoa wati 180 kwa omu 4. Ubavuni ina fyuzi mbili za ampia 20. Nataka chaneli 1 na 2 ziendeshe spika za milango ya mbele, 3 na 4 ziungwe pamoja kwa sabufa moja ya inchi 10, koili moja, omu 4. Spika za nyuma zibaki na redio.

Redio haina matundu ya RCA (yale ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya). Fundi mmoja aniambia nikate nyaya za spika, hasi zote nizikusanye nizifunge kwenye bodi ya gari, chanya ndizo ziende kwenye amplifaya. Ni sawa hivyo? Pili, waya wa moto uwe wa unene gani? Nimeonyeshwa kifurushi mjini kimeandikwa "geji 4" lakini ukikishika ni chepesi kama kamba ya kuanikia nguo. Tatu, kwa joto na chumvi ya hapa kwetu, amplifaya niiweke wapi?

FundiMakupa
Aleikum salaam. Hilo la hasi kwenye bodi usilifanye kabisa. Lilifaa kwa redio za zamani sana. Redio kama yako haina hasi ya kweli kwenye spika: kila spika inaendeshwa na vikuza sauti viwili vinavyopokezana, kimoja kwa kila waya, na redio ikiwaka nyaya zote mbili zina volti kama 6. Jipimie. Weka maltimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye bodi, nyekundu kwenye waya wowote wa spika: utasoma karibu nusu ya volti za betri. Kisha pima waya kwa waya wa spika hiyohiyo: utasoma karibu sufuri. Sasa ukiuchukua mmoja ukaufunga kwenye bodi, umekipiga shoti kimoja cha vile vikuza sauti. Ukibahatika redio itakata sauti ijilinde. Usipobahatika IC ya sauti (kile kidude cha ndani kinachoendesha spika) imekwenda, na kuitafuta IC ya redio ya Kijapani ni kazi ya kuzunguka mji mzima.

Kukata nyaya za gari nako si lazima. Ulizia plagi za Toyota za pini 10 na pini 6, dume na jike, utengeneze kiungo cha katikati. Siku ya kuuza gari unachomoa tu. Redio yenyewe hutoka kwa kuvuta fremu ya plastiki iliyoshikwa na klipu, kisha bolti nne za spana namba 10. Toa kwanza waya hasi wa betri.

Rangi za Toyota nyingi ni hizi. Plagi ya pini 10: waridi ni chanya na zambarau ni hasi ya mbele kushoto, kijani mpauko ni chanya na buluu ni hasi ya mbele kulia. Kijivu ni ACC (moto unaokuja ukizungusha ufunguo), buluu yenye mstari wa njano ni moto wa kudumu, kahawia ni bodi. Plagi ya pini 6 ni ya spika za nyuma, hiyo iache ilivyo. Lakini rangi peke yake si za kuaminiwa, hasa gari ambalo dashibodi yake imeshafunguliwa kufungiwa kiboksi cha FM. Chomoa plagi kwenye redio, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha nyaya mbili za spika kwa sekunde moja. Spika italia "tak". Koni ikiruka kwenda nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya. Ukikosea upande mmoja tu, spika mbili zitavutana kinyume na besi itapotea, uanze kulaumu amplifaya.

Kuunga: upande wa redio (jozi mbili za mbele) unakwenda kwenye amplifaya kama sauti ya kuingia, sauti inayotoka chaneli 1 na 2 inarudi kwenye upande wa plagi unaoelekea milangoni. Nyaya za asili za mlango zatosha. Wati 60 kwa omu 4 ni ampia 3.9 tu, kwa hivyo usijitese kupenyeza waya mpya kwenye ule mpira wa bawaba.

Waya wa kuwasha amplifaya chukua kwenye kijivu, na uwekee fyuzi ya ampia 1. Usiuchukue kwenye buluu-njano. Hapo amplifaya haitazimika, na ikila ampia 1 tu kwa saa 12 za usiku imeshamaliza theluthi ya betri ya Ah 35.

ShabaTupu
Nizungumzie waya, maana hapo ndipo watu wanapopigwa.

Kifurushi chepesi ni alumini iliyopakwa shaba. Menya ncha, chomoa uzi mmoja, ukwangue kwa kisu: ndani pakiwa peupe, ni alumini. Halafu angalia unene wa chuma chenyewe, si wa plastiki. Geji 4 ya kweli ni milimita mraba 21. Vifurushi vingi vya rahisi ukivimenya unakuta nusu yake, iliyobaki ni plastiki nono.

Hesabu yako: 60 + 60 + 180 ni wati 300. Klasi D hupoteza kama moja ya tano, kwa hivyo inavuta wati 375 hivi. Gawanya kwa volti 13.8 upate ampia 27. Waya kutoka betri hadi kiti cha mbele au buti, kwa mzunguko wake, weka mita 5. Shaba ya milimita mraba 16 itapoteza volti 0.16. Alumini ya milimita mraba 10 itapoteza karibu 0.4, na hiyo ni kabla hujahesabu viungo. Volti hizo unaweza kuishi nazo. Kinachouma hapa pwani ni kwamba alumini ikibanwa na kichwa cha shaba halafu ikapata unyevu wa chumvi, inaoza pale penye kiungo. Miezi michache baadaye kuna unga mweupe, kiungo kinapata moto, amplifaya inajizima sabufa ikipiga.

Kwa hiyo nunua waya wa mashine ya kuchomelea, milimita mraba 16, shaba tupu. Huuzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya umeme, nyuzi zake ni laini, unapinda vizuri. Ndani ya boneti uvalishe bomba la plastiki lenye mikunjo, mpira wake haupendi mafuta ya injini. Vichwa vibanwe kwa plaizi yake maalumu, si kupigwa nyundo, halafu vivalishwe mpira wa kusinyaa kwa moto.

Fyuzi ya ampia 40 iwe sentimita 45 au chini kutoka betri. Hiyo ni ya kulinda waya: ukichubuka ukagusa bodi, kipande chote kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi na kitawaka. Ndiyo maana zile fyuzi mbili za ubavuni hazitoshi, ziko mwisho wa safari. Ukutani kati ya injini na sehemu ya abiria upite ndani ya mpira, usipite kwenye tundu la chuma tupu hata siku moja.

Waya wa bodi: unene uleule, usizidi nusu mita. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae kama sarafu mpya, weka washa ya meno, bolti ya mm 8 na nati. Ukishakaza, paka grisi juu na pembeni halafu rangi. Grisi iende baada ya kukaza, isiwe katikati. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse.

KM_Nyali
Wameeleza vizuri, lakini hakuna aliyeuliza: je, amplifaya yako ina plagi ya kupokea nyaya za spika moja kwa moja? Nyingi za sasa zinayo. Kama ipo, huhitaji konvata ya kuleta RCA, na nyingine hujiwasha zenyewe zikihisi zile volti 6 za redio. Kifaa kimoja kidogo, viungo vichache.

Kama haipo, nunua konvata ya chaneli mbili na uifunge karibu na amplifaya, si nyuma ya redio. Sauti inayosafiri kwenye waya wa spika ina volti kadhaa, makelele ya gari hayaisumbui sana. Ukishaigeuza kuwa RCA imekuwa dhaifu, kwa hivyo safari yake ya RCA iwe ya shubiri mbili tu. Na waya wa moto upite upande mmoja wa gari, nyaya za sauti upande wa pili. Zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba, zisilale pamoja.

Pa kuweka: chini ya kiti cha abiria panapendeza, ila Toyota zenye usukani kulia sanduku la AC liko upande huo wa kushoto. Mpira wake wa kumwaga maji ukiziba, na hapa AC haizimwi, maji hurudi ndani na zulia la abiria hulowa bila wewe kujua. Ukipaweka hapo, safisha mpira huo kwanza, halafu amplifaya ikae juu ya mbao ya plaiwudi ya mm 12, isilale kwenye zulia. Acha sentimita 3 au zaidi juu yake, hewa ipite. Mimi ningeifunga nyuma ya mgongo wa kiti cha nyuma. Isifungwe tu kwenye kasha la sabufa: mtikisiko hulegeza skrubu za nyaya.

FundiMakupa
Nakubali kwa konvata. Geini (kile kirungu cha amplifaya cha kulinganisha sauti inayoingia) nayo isiwekwe kwa sikio. Chomoa spika na sabufa, zima besi busti, zima vichujio. Redio iweke besi na trebo katikati, volyumu robo tatu. Piga toni ya majaribio ya 0 dB, yaani iliyorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa. Kwa spika za mbele tumia hezi 400, maana maltimita nyingi za bei ndogo hazipimi sawasawa juu ya hapo. Pandisha geini hadi usome volti 15.5 za AC, yaani mkondo geu (kipeuo cha pili cha 60 mara 4). Kwa sabufa toni ya hezi 50, volti 26.8. Rudisha vichujio: mbele zikate chini ya hezi 80, sabufa ikate juu ya hezi 80. Volyumu ile ya robo tatu ndiyo mwisho wako kuanzia leo.

Redio nyingi za kiwandani hupunguza besi zenyewe volyumu ikipanda. Ukiona sabufa inanyamaza kwenye sauti kubwa, usiikimbilie geini.

MwanaBombolulu
Shukran sana. Imeshaungwa. Haina plagi ya spika, kwa hivyo nimetumia konvata. Nayo nimeibandika nyuma ya redio kabla sijasoma ya KM, kunradhi. Amplifaya iko chini ya kiti, bodi nimechukua kwenye bolti ya reli ya kiti. Sabufa safi kabisa. Spika za mbele zina mluzi, volyumu hata ikiwa sufuri, na nikikanyaga mafuta unapanda pamoja na injini.

ShabaTupu
Ungekuwa "shhh" usiobadilika ningesema geini. Unaofuata injini ni alteneta ikipita kwenye njia ya bodi. Bolti ya reli ina rangi na gundi ya kiwandani kwenye nyuzi zake, inashika kiti, haipitishi umeme vizuri. Piga muziki kwa nguvu, injini ikiwaka, maltimita kwenye DC volti 2: ncha moja kwenye skrubu ya bodi ya amplifaya, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Tupe namba.

MwanaBombolulu
0.34.

ShabaTupu
Ndiyo hiyo. Inatakiwa chini ya 0.1. Konvata yako imechukua bodi kwenye dashibodi, amplifaya imechukua kwenye reli, na kati yao kuna tofauti ya volti. Tofauti hiyo inasukuma umeme kwenye ganda la waya wa RCA, pamoja na mluzi wake. Toboa sakafu palipo chuma kitupu (chungulia chini kwanza, pana bomba za mafuta na breki), kwangua, funga upya kama nilivyoeleza. Konvata ihame hadi kando ya amplifaya na waya wake wa bodi uingie kwenye bolti hiyohiyo. Ukiwa na kipande cha waya kilichobaki, ongeza kimoja kutoka hasi ya betri hadi bodi ndani ya boneti. Ule wa kiwandani ni mwembamba.

MwanaBombolulu
Konvata imehama, bodi mpya, kipande cha boneti kimeongezwa. Namba sasa ni 0.05 na mluzi umekwisha, hata AC ikiwa namba ya mwisho.

KM_Nyali
Vizuri. Baada ya wiki mbili kaza tena skrubu zote za amplifaya na bolti ya bodi. Waya wa nyuzi laini hulala ukishabanwa, skrubu zinabaki zimelegea.