Ganda la concha: siagi au mafuta mgando?

MamaZawadi: Habari za humu ndani. Kesho naenda dukani, nataka kuoka conchas, zile skonzi tamu za Mexico zenye ganda la sukari juu lenye mistari kama ya kombe la baharini. Donge halinipi shida: unga wa ngano, hamira, maziwa, mayai, sukari, siagi. Ganda ndilo linanichanganya. Huyu anasema siagi, yule mafuta mgando ya kupikia. Ninunue lipi?

Fundi_Oveni: Uko wapi? Joto likoje? Unaokea gesi au umeme? Mbona hujasema kitu.

DadaWaChicago: Siagi, tena isiyo na chumvi. Mimi naishi karibu na Pilsen, mtaa wa Chicago, huku maduka ya mikate ya Wameksiko yamejaa. Unaingia, unachukua sinia na koleo, unajichagulia mwenyewe. Vipimo vya ganda ni sawa kwa sawa kwa uzito: unga gramu 100, sukari ya unga 100, siagi 100, na vanila. Ukitaka ya kahawia, tia kakao.

Chuma_cha_Temeke: Dada, hayo ni ya Chicago. Mimi nilipata oda ya shughuli hapa Dar, mwezi wa pili, nikatumia siagi tupu. Nikaviringisha madonge, nikabandika maganda, nikachora na kisu vizuri kabisa. Umeme ukakatika. Feni imezima, oveni haiwaki, madonge yanaendelea kuumuka na jiko limekuwa tanuri. Siagi ikaanza kung'aa, mara inatiririka ubavuni. Umeme uliporudi nikaoka hivyo hivyo. Zikatoka skonzi vipara, ganda lote limeganda chini ya trei, nikalibandua kwa mwiko. Mwenye shughuli akalipa nusu, na bado ananisema kwa watu. Tangu siku hiyo ni mafuta mgando tu. Hata Mexico kwenyewe wengi wanatumia manteca vegetal, yaani mafuta mgando ya mimea, hawana aibu.

DadaWaChicago: Pole, ila kosa ni joto, siagi unaionea bure. Usiumulie penye joto kali, basi. Mafuta mgando yanabaki yameganda mdomoni.

Mzee_wa_Ngong: Changanyeni nusu kwa nusu tumalize. Huku Nairobi tuko juu, donge linaumuka haraka, kwa hiyo napunguza hamira kidogo. Mexico City wako mita 2,240, wametuzidi. Halafu asisahau kupaka mafuta kidogo juu ya donge kabla ya kubandika ganda, la sivyo halishiki.

Binti_Kariakoo: Hii si ndiyo melonpan, ile skonzi tamu yenye ganda ya Wajapani?

Mzee_wa_Ngong: Ni ndugu tu. Na Hong Kong wana ya kwao wanayoiita ya nanasi, na nanasi halimo.

Binti_Kariakoo: Kwa hiyo nani alimwiga nani?

Fundi_Oveni: Tuache hayo. Mama Zawadi, nunua mashine ya kukandia kwanza.

Chuma_cha_Temeke: Mashine ya nini? Mikono anayo.

MamaZawadi: Samahani, nilikuwa sokoni. Niko Tanga. Oveni sina, naokea sufuria, mkaa chini na juu ya mfuniko.

Fundi_Oveni: Eti nini?!

DadaWaChicago: Sukari ya ganda itaungua kabla donge halijaiva. Sisi tunaoka nyuzi 180, kama dakika 20.

Mzee_wa_Ngong: Si lazima iungue. Weka mchanga chini ya sufuria, mkaa wa juu uwe kidogo, tena wenye majivu. Mama yangu alioka keki za harusi hivyo.

Chuma_cha_Temeke: Keki haina ganda la sukari, mzee. Ila Tanga na joto lile, siagi asithubutu.

DadaWaChicago: Aumulie usiku.

MamaZawadi: Usiku kuna mbu. Je, nikitia iliki kwenye ganda badala ya vanila?

Binti_Kariakoo: Hapo itakuwa andazi limevaa kofia 😂

Mzee_wa_Ngong: Tia. Mdalasini pia unakwenda. Mkaa wako ni wa mti gani?